Fundi wa Magodoro Aliyelala Sakafuni

Fundi wa magodoro wa Mabatini hakukuachia godoro lako mpaka ulale juu yake mchana kweupe, wewe na mwenzako, watu wakipita barabarani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na sheria hiyo ilinitisha miaka miwili mizima kabla sijakanyaga kibandani kwake. Nilikuwa napita pale na ndoo yangu ya maji, nawaona mume na mke wamelazwa, viatu wamevua, macho wamefumba kwa amri, na yeye amesimama kichwani mwao na kipande cha uzi mdomoni. Kila nikifika pale nilikuwa naongeza mwendo.

Alizaliwa wapi sijui, na ukoo wake siujui. Ukimuuliza kwao ni wapi alikuonyesha rundo la pamba na kusema, "Hapa." Lafudhi yake ilikuwa ya Kisukuma, lakini Mwanza ukisema mtu ana lafudhi ya Kisukuma bado hujasema kitu. Jina alikuwa nalo, nadhani watu wa leseni walilijua. Sisi tulimwita Fundi. Alikuwa mwembamba, nyusi zake nyeupe kwa vumbi la pamba hata Jumapili, na alikohoa kabla ya kila neno la maana, kwa hiyo ukisikia kikohozi ulianza kujiandaa.

Wakati ule godoro halikuwa kitu cha kutupa. Pamba ikishikana mabonge unalikunja, unalipakia kwenye mkokoteni, unampelekea. Analifumua, anaichambua pamba kwa vidole, anaipiga kwa fimbo mbili mpaka inaumuka, anairudisha kwenye kitambaa cha mistari na kulishona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia. Kazi ya siku moja, mbili kama godoro ni la futi tano kwa sita. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo hata maadui zake walikubali.

Alikuwa na sheria nyingine, mbaya zaidi kwangu. Hakufungua godoro la watu wawili mpaka wote wawili wawepo. "Godoro ni la wawili," alisema. "Nikimfungulia mmoja, nimemwibia wa pili." Basi mnasimama hapo, mume huku, mke huku, na yeye anafumua mshono na kuanza kusoma. Huyu anavuta sigara kitandani. Huyu anakula karanga. Huyu amelala ukingoni muda mrefu, amenuniwa au amenuna? Kulikuwa na benchi la wanaosubiri zamu, na wengine kwenye benchi hilo hawakuwa na godoro lolote. Walikuja kusikiliza.

Siku moja alifungua godoro la karani mmoja na mkewe, watu wasafi, wa kwenda kanisani. Akashika pamba ya katikati, akakohoa. "Hapa katikati," akasema, "hapajalaliwa tangu lini?" Akalirudishia mshono vilevile lilivyokuja, akawaambia warudi nalo nyumbani, yeye anashona pamba tu, hayo mengine hayawezi. Wiki ileile mke alipanda meli kwenda kwao Nansio, kisiwani Ukerewe, na hakurudi. Watu wakasema Fundi amevunja nyumba ya watu. Mimi nami kwetu ni Ukerewe, habari ilinifikia kwa njia zote mbili, ya mtaani na ya kisiwani, na nikaamini kwamba mzee yule ana ulimi unaoua ndoa.

Lakini sasa sikiliza. Mtu huyohuyo, ukimkuta kesho yake na kumuuliza habari za godoro la karani, alikuangalia kama aliyepoteza kumbukumbu. "Godoro gani?" Alisema yote mbele ya wenyewe na hakusema hata moja nyuma yao. Waliokaa benchini ndio waliosambaza. Mimi jambo hilo sikuliona wakati ule, mtu mwenye hofu haoni vitu kama hivyo.

Na jambo lililowachekesha watu wote ni kwamba Fundi mwenyewe alilala sakafuni. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kibanda, na watoto waliochungulia walisema hakuna kitanda, hakuna godoro, kuna mkeka na blanketi basi. Wakamwambia usoni, "Fundi, mganga hajigangi." Akacheka nao. Zile zilikuwa enzi za ruksa, kila kitu kimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na magodoro ya sponji yamesimamishwa nje ya maduka ya Wahindi mjini na nailoni zake. Fundi aliyatukana. Alisema sponji ni mkate, ukiukalia asubuhi jioni umekuwa chapati. Lakini kwenye kigoda chake cha kushonea alikuwa ameweka kipande cha sponji, cha rangi ya waridi, na ole wako ukikikalia wewe.

Niseme sasa nilichokuwa nakiogopa, maana nimezunguka vya kutosha.

Nina kifafa. Kilinianza nikiwa na miaka sita, kule kisiwani. Mama yangu hakulitamka neno hilo, alisema "ile hali". Nilikuwa na bakuli langu, kikombe changu, kijiko changu, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvigusa. Ziwani sikwenda peke yangu na jikoni sikuachwa na moto. Nikianguka, watu walirudi nyuma wakasubiri, kwa sababu kwetu kila mtu alijua kwamba povu la mgonjwa likikugusa nawe umekwisha. Nilipofika kidato cha kwanza hali ikaacha yenyewe. Mwanamume wa Mwanza alipokuja kuposa, mama akanishika mkono akaniambia, "Imeisha. Usiende kuiamsha kwa mdomo." Ng'ombe wakapokelewa, nikaolewa.

Ikarudi baada ya kumzaa Neema. Ilikuja nikiwa usingizini tu, kuelekea alfajiri. Nilijua kwa ulimi: nilikuwa naamka umeng'atwa, mwili unauma kama niliyelima, na shuka limelowa. Mume wangu, baba Neema, alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani na kupata nyingine kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, shifti ya usiku wiki mbili kati ya tatu. Mara nyingi hakuwepo. Wiki aliyokuwepo alilala usingizi wa mtu aliyechoka, na asubuhi alijishika mgongo. "Mama Neema, hili godoro linanirusha," alisema. "Jana nimeota niko kwenye mtumbwi."

Nilicheka naye, Mungu anisamehe. Nilikuwa nafua foronya yenye damu kabla hajaamka. Mtoto nilimhamishia kwenye beseni kubwa chini, nikasema azoee kulala peke yake, kumbe nilikuwa naogopa kwamba siku moja nitaamka nimemlalia. Hofu hiyo sitaki hata kuieleza vizuri. Nilikuwa nayo nikipika, nikifagia, nikinyonyesha. Na ya pili ilikaa kando yake: akijua, atanirudisha Nansio, na Neema atabaki kwao.

Baba Neema akaamua kwamba dawa ni godoro. Alisema hatulali kwa sababu ya godoro, tunagombana asubuhi kwa sababu ya godoro, twende tukalitengeneze kwa Fundi. Nikasema tununue sponji. Nilitetea sponji siku nne. Nilisema ni laini, halina kunguni, ni la kisasa, jirani wanalo. Aliniangalia kwa mshangao, maana mimi ni mtu wa kushona soksi mara tatu. "Tangu lini wewe unapenda vya dukani?" aliuliza. Ningemjibu nini? Kwamba sponji hakuna mtu anayelifungua? Tulikwenda mjini tukaminya sponji kwa vidole, tukalalia moja nusu mgongo, muuzaji akatutandikia gazeti ili tusilichafue. Baba Neema akainuka. "Hili ni la wageni," akasema. "Sisi tunalo godoro. Limechoka tu."

Jumamosi asubuhi tukalipakia kwenye mkokoteni. Nilimfunga Neema mgongoni na kutembea nyuma, na kila hatua niliomba gurudumu livunjike. Halikuvunjika.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wote wawili mpo. Vizuri."

Benchi lilikuwa limejaa. Akalilaza godoro mezani, akafumua mshono wa kichwani, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Alianza upande wa baba Neema. "Huyu bwana anafanya kazi ya samaki. Analala palepale anapoangukia, hageuki." Watu wakacheka, baba Neema akacheka zaidi yao. Halafu mkono ukaja upande wangu. Kitambaa nilikuwa nimekisugua kwa sabuni na majivu, lakini pamba huwezi kuifua. Akatoa bonge moja la kichwani, gumu, rangi ya kahawa iliyokauka. Akaingiza mkono chini zaidi, akatoa jingine. Akalinusa.

"Nani analala ukutani?"

"Mama Neema," baba Neema akasema.

Fundi akakohoa. Nikashika ukingo wa meza. Nilimwangalia usoni nikimwomba kwa macho, na nadhani benchi zima liliona. Yeye hakuniangalia mimi. Aliangalia beleko langu, na Neema ndani yake.

"Kitanda chenu kina urefu gani kwenda juu?" akamuuliza mume wangu.

Baba Neema akanyooka. Kitanda chake alikipenda, cha mbao ya mninga, kirefu, masanduku mawili na gunia la mpunga vilikaa mvunguni. Akaonyesha kwa kiganja, juu ya goti.

"Ndicho kinachowarusha," Fundi akasema. "Godoro halina kosa. Kata miguu. Ibaki shubiri moja."

"Mninga, Fundi? Nikate mninga?"

"Pamba inataka kuwa karibu na ardhi, bwana. Ikipanda juu inapata upepo chini, inacheza. Kata, na kitanda usikibananishe na ukuta, acha nafasi ya mtu kupita, na jiko la mkaa lisilale chumba kimoja na nyinyi. Hutaki, chukua godoro lako."

Hakuna kitu kama hicho duniani, pamba kuchezeshwa na upepo wa mvunguni. Lakini alikisema kwa kikohozi, na watu wa benchi wakatikisa vichwa kama waliokijua siku zote.

Tulirudi Jumatatu kulilalia. Nilifumba macho kwa amri yake huku nasikia watu wanapita, naogopa hali isije hapohapo mchana. Haikuja. Tulipoinuka alisema kuna kona moja haijakaa, akampa baba Neema gunia akamtuma amchotee pamba stoo kwa nyuma, na mimi akaniambia, "Shika uzi hapa." Nikashika. Akainama na shazia yake karibu na mkono wangu.

"Hospitali ya Sengerema wanatoa vidonge vya hiyo," akasema, taratibu. "Ni vya kumeza kila siku. Hapa mjini utaonekana, vuka kule. Na mwenzako umwambie. Mchana, akiwa amekaa."

Baba Neema akarudi na gunia.

Alikata miguu ya kitanda jioni ileile, kwa msumeno wa kuazima, na machozi nusu. Mimi nikavuka Sengerema wiki iliyofuata, nikasema nafuata karanga za kuuza, na kweli nilirudi na karanga. Nikapata vidonge. Hali ikapungua, ikawa mara moja kwa miezi kadhaa, kisha nikakaa karibu mwaka mzima bila kuipata. Baba Neema akaanza kulala na kuamka mzima, na akamtangaza Fundi kiwanda kizima. Hamtaamini hiki: watu wa mtaa wetu walikata miguu ya vitanda. Nyumba sita au saba ninazozijua mimi. Mwalimu mmoja alikata vibaya, kitanda kikalalia upande mmoja, akaweka matofali na kukirudisha juu palepale kilipokuwa. Kila niliposikia msumeno nilijua ni uongo uliosemwa kwa ajili yangu.

Vidonge nilivificha kwenye kopo la hamira. Lakini mume sikumwambia. Ningesema nilisahau, ningekuwa mwongo. Niliogopa. Niliogopa kila asubuhi, na kila asubuhi niliyoiogopa iliniongezea sababu, maana sasa ningeulizwa pia kwa nini nilinyamaza. Ilipita miaka sita. Sponji ilishinda, kama kila mtu alivyojua itashinda, na siku moja nikakuta kibanda cha Fundi kinauza kanda za muziki. Wakasema amekwenda kukaa kwa mtoto wa ndugu yake, ng'ambo ya ziwa.

Nilimkuta Sengerema, kwenye benchi la barazani hospitalini, asubuhi, na fimbo kati ya magoti. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Nilitaka kupita. Kisha nikaona aibu, nikainama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akageuza sikio. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Wewe ni wa ukutani," akasema. "Mwenye mtoto mgongoni."

"Mtoto yuko darasa la kwanza sasa."

Akafurahi, akapapasa benchi, nikakaa. Tukaongea habari za Mabatini, nani amekufa, nani amejenga. Nikamsimulia ya mwalimu na matofali, akacheka mpaka akakohoa, na niliposikia kikohozi nikajua kinachofuata.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia," nikasema.

"Akasema nini?"

Nilitafuta neno la kumwekea baba Neema mdomoni na sikulipata hata moja, mwanamume niliyeishi naye miaka yote ile.

"Hujamwambia," Fundi akasema. Hakukasirika.

Halafu akaniambia ya kwake. Alikuwa na mke, na kitanda kirefu alichokinunua yeye kwa fahari. Walioana miezi minne. Alfajiri moja mke akaanza kutikisika pembeni yake, macho yamegeuka, povu linatoka. Hakuwa amewahi kuona. Alichokijua ni kile alichoambiwa tangu utoto, kwamba povu likikugusa umekwisha. "Nilitoka nje," alisema. "Nikasimama uani. Nikasikia ameanguka. Jiko la mkaa lilikuwa chini pale, tuliliwasha kwa ajili ya baridi. Nikasikia na hilo likipinduka. Nikaendelea kusimama."

Mgonjwa mmoja aliitwa dirishani, akapita mbele yetu. Fundi akamsubiri apite.

"Mama yake alijua," akasema. "Dada zake walijua. Mimi peke yangu sikujua. Ningeambiwa mchana, nimekaa, ningeogopa siku hiyo. Ningeogopa wiki nzima, pengine hata ningemrudisha kwao, sijui. Lakini angekuwa hai. Na kama ningebaki, alfajiri ile ningekuwa nimeshaogopa tayari, ningemshika." Akapapasa goti langu mara mbili. "Kitanda sikukipanda tena. Nililala chini pale alipoangukia, na kila nilipohamia nimelala chini. Usinionee huruma. Nenda nyumbani."

Sikuchukua hata karanga. Kwenye kivuko nilisimama mbali na ukingo, kama mama alivyonifundisha, nikiyarudia maneno kwa sauti peke yangu hadi mwanamke mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Baba Neema alikuwa uani anakata kucha, ameamka baada ya shifti. Neema alikuwa shuleni. Nikamwambia aingie ndani akae.

"Kuna msiba?"

"Hapana. Kaa kwanza."

Akakaa kitandani. Kitanda chetu ni kifupi, ukikikalia magoti yanapanda juu. Nikasimama mbele yake na kumwambia: nina kifafa, tangu mtoto, kilirudi baada ya Neema, wewe ulikuwa unaota mtumbwi na mtumbwi nilikuwa mimi, karanga za Sengerema ni vidonge, viko kwenye kopo la hamira. Nilisema yote bila kupumua. Niliona anaangalia mlango. Aliuangalia mara moja, nami nikajisogeza kando ili apite kama anapita.

Hakuinuka. Uso wake ulikuwa umekwajuka na alikuwa ameshika ukingo wa godoro kwa mikono yote miwili.

"Povu," akasema. "Si linaambukiza?"

"Daktari amesema haliambukizi. Hata kidogo."

"Sasa nikikuona hivyo, nifanye nini?"

"Unanigeuza ubavu. Unatoa kitu cha moto, cha ncha, chochote kilicho karibu. Usinitie kitu mdomoni. Halafu unakaa na mimi mpaka iishe."

"Nakaa tu?"

"Unakaa tu."

Akavua kandambili. Mlango ulikuwa wazi, jua limeingia hadi katikati ya chumba, watu wa uani wanapita na ndoo zao. "Lala nione," akasema. Nikalala upande wangu, nikafumba macho. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Akanigeuza ubavu, vibaya, bega likaniuma. Akasema ngoja, akanirudisha chali, na kuanza upya.